Saa Kumi na Sita na Dakika Arobaini

"Kutoka kiwanja chetu cha ndege mpaka kiwanja chao ni mbali kiasi gani?"

Kaka aliuliza taratibu, huku akichokonoa meno kwa njiti, na Fundi wangu, maskini, akadhani ameulizwa kwa wema. Akaweka kijiko chini. Macho yalimwaka kama ya mwanafunzi aliyepewa swali analolijua.

"Kilomita elfu kumi na moja na mia nne, shemeji. Unapanda hapa, unashuka njiani, unasubiri saa tatu, unapanda ndege ya pili. Ukijumlisha zote ni saa kumi na sita na dakika arobaini. Mimi nimeshazoea. Unalala, unaamka, umefika."

"Unalala, unaamka," kaka alirudia.

Nilimkanyaga Fundi mguu chini ya meza. Hakuelewa. Alinigeukia akatabasamu, tabasamu lile lile lililoniondolea akili miaka miwili nyuma, siku niliponasa kwenye lifti ya hoteli nilikofanya kazi, na kikapu cha mashuka niliyotoka kuyapiga pasi. Dakika arobaini nilikaa kwenye giza lile nikilia, na yeye alikuwa nje ya mlango na bisibisi yake, akinisemesha. Nilipomwambia simsikii vizuri, sikio langu moja ni bovu, hakuongeza sauti kama watu wengine. Alisema, "Basi geuza sikio linalosikia, dada, uliweke hapa kwenye ufa wa mlango. Nitaongea na hilo." Tangu siku hiyo hajawahi kutembea upande wangu wa kushoto. Hata alipopata kazi ya lifti huko mbali, kila jioni alinipigia simu na neno lake la kwanza lilikuwa, "Umeishika upande wa kulia?"

Sasa alikuwa amerudi kwa likizo ya wiki nne, kunioa na kunichukua, mimi na binti yangu Kidoti.

"Kutoka hapa nyumbani mpaka kiwanjani?" kaka aliendelea.

"Saa moja, kama barabara haijafunga."

"Na wanataka mtu afike mapema kiasi gani?"

"Saa tatu kabla."

"Ukishuka kule, mpaka mlangoni kwako?"

"Ukaguzi wa pasipoti, halafu treni. Tuseme saa moja na dakika ishirini."

Kaka alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Vidole vyake ni vinene, vina makovu ya visu kila kimoja. Alipomaliza alivilaza mezani.

"Saa ishirini na mbili."

"Kama hizo, shemeji. Si nyingi."

"Mimi nilitumia dakika sita."

Shangazi aliacha kutafuna. "Usianze, mwanangu. Watu wanakula."

"Dakika sita, Fundi. Kutoka buchani kwangu mpaka nyumba aliyokuwa akiishi mdogo wangu na baba yake Kidoti. Jirani alinipigia simu, nikakimbia na aproni ya damu, watu wakinipisha njiani wakidhani nimeua. Dakika sita, na nikakuta sikio limeshakwenda. Sasa wewe unaniambia saa ishirini na mbili. Ukimpiga leo, mimi nafika kesho. Nafika kuokota nini?"

"Mimi simpigi, shemeji."

"Na yule alisema hivyo hivyo. Alikaa kwenye kiti hicho hicho."

Fundi alijikuta akikitazama kiti.

"Kiti tulikibadilisha," Shangazi alisema. "Kile kilivunjika siku tulipomtoa."

Nilimtazama kaka, naye akanitazama, na katika macho yake nilijiona nimelala sakafuni kama alivyonikuta siku ile. Miaka minne imepita na bado ananiona pale. Nilimpenda kwa hilo, na kwa hilo hilo nilitamani kupiga kelele.

*

Jumapili bucha hufungwa. Kwa hiyo niliposikia kwamba kaka amemwita Fundi buchani, saa tano asubuhi, "wakaongee kama wanaume", nilimfuata Shangazi. Alikuwa anamsuka Kidoti sebuleni. Hakutaka kuniangalia.

"Shangazi, wanaongea nini?"

"Mambo yao."

"Shangazi."

Alichana nywele za mtoto mara mbili tatu pasipo sababu. "Kaka yako anakwenda kumtibua."

"Kumtibua vipi?"

"Atampiga. Anataka kuona akikasirika anakuwaje. Anasema huyu bwana ni mpole mno, na upole wa mtu haujulikani mpaka umemtia hasira." Ndipo akainua uso. "Na mimi nilikubali, sikufichi. Nikasema ni bora tuuone mkono wake leo, tukiwa hapa wote, kuliko uje uuone wewe peke yako kule."

"Mmekaa mkapanga! Mume wangu mtarajiwa mnampima kama—"

"Bora tumpime! Yule wa kwanza nani alimpima? Tulimsifia viatu!"

Nilikimbia. Njiani nilijikuta nahesabu, na nilijichukia kwa kuhesabu. Dakika ya kwanza duka la dawa. Ya pili cherehani za kina mama pale barazani. Ya tatu, ya nne. Nilifika buchani dakika ya sita ikiisha.

Mlango wa chuma ulikuwa umeshushwa nusu. Niliinama nipite chini yake, na kabla sijanyooka nikasikia kofi. Kofi la kaka si kofi la mtu mwingine. Mkono ule unavunja mbavu za ng'ombe kila siku.

"Nipige basi!" kaka alifoka.

Fundi alikuwa amesimama kati ya meza ya vigae na gogo la kukatia nyama. Shati lake jeupe, lile alilolivaa kwa heshima ya mazungumzo, lilikuwa limechanika kwapani. Mdomo ulikuwa unavuja damu. Mikono yake ilining'inia pembeni.

"Shemeji, kama nimekukosea, sema."

"Usiniite shemeji!" Kofi la pili. Kichwa cha Fundi kilikwenda upande kikarudi. Kaka alimkamata kifuani akamsukuma kwenye ukuta wa ndoano za kutundikia nyama, zikalia zote kwa pamoja juu ya kichwa chake. "Mwanamume gani wewe? Unapigwa umesimama kama nguzo? Utamlinda nani?"

"Kaka, mwache!"

Hakuna aliyenisikia. Au kaka alinisikia, maana alitupa jicho mlangoni mara moja na sauti yake ikabadilika, ikawa ya kejeli, ya mtu anayejua anachotafuta.

"Au nikwambie kwa nini unamtaka? Wanawake wamejaa huko ulikotoka. Unamtaka huyu kwa sababu ni nusu. Unataka mwanamke asiyesikia vizuri, ili ukimdanganya asisikie, ukimtukana asisikie. Umeona bidhaa ya bei poa ukasema—"

Hakumaliza.

Sikuuona mkono wa Fundi ukiinuka. Niliona tu kaka akiyumba nyuma, ngozi imempasuka juu ya jicho, damu ikimwagika juu ya kigae cheupe kama ya bakuli lililopinduliwa. Fundi alimfuata. Alimpiga tumboni, kaka akainama. Akampiga tena shingoni. Hakuwa Fundi ninayemjua. Meno yalikuwa yametoka nje na alikuwa anapumua kama mtu anayebeba mzigo ngazini. Kila pigo alilipa neno.

"Usimwite! Nusu! Tena!"

Na kaka, jamani, alikuwa anacheka. Damu ilimjaa mdomoni na anacheka, amenielekezea kidole. "Umeona? Umeuona mkono wake? Ndiyo huu! Kilomita elfu kumi na moja na huu mkono!"

Nilikuwa nauona. Nilikuwa naona ngumi ya mwanamume ninayempenda ikipanda na kushuka, na mwili wangu wote ulikumbuka. Sikio langu la kushoto, lililokufa, lilianza kuvuma. Miguu ilitaka kukimbia. Sijui kwa nini ilikwenda mbele.

Kaka alikuwa ameacha kucheka. Ile ngumi ya mwisho ilimfika mahali ambapo mchezo unaisha. Alipapasa juu ya meza nyuma yake, akashika chuma cha kunolea visu, kile kirefu chenye mpini wa mbao, na nilipoyaona macho yake nilijua hampimi tena mtu. Anaua.

"Kaka!"

Nilijitupa mbele ya Fundi na mkono wangu juu.

Ule mlio niliusikia kwa masikio yote mawili. Naapa. Hata lile bovu.

Kisha nikawa nimekaa sakafuni. Mkono wangu wa kushoto, chini ya kiwiko, ulikuwa umekaa upande usiokaa mkono. Maumivu hayakuwa yamefika bado. Niliutazama kama wa mtu mwingine. Chuma kilianguka, kikabingirika mpaka kwenye mfereji wa maji machafu.

Friji kubwa peke yake ndiyo iliyokuwa ikinguruma.

Fundi alinitazama mimi, akamtazama kaka. Halafu akanyoosha mkono kwenye gogo, akachukua kisu.

Kilikuwa kile kisu kirefu chembamba cha kuchunia. Akamwendea kaka. Kaka hakurudi nyuma. Aliinua kidevu, damu ikimtiririka shingoni, na akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Nichinje. Nimemvunja mdogo wangu. Nichinje tu."

Fundi alisimama mbele yake. Sijui alisimama muda gani; mimi ambaye nilikuwa nimehesabu dakika njia nzima, hapo hesabu ilinipotea.

Akakata kamba za aproni ya kaka. Ya shingoni, halafu ya kiunoni. Akaivua, akapiga magoti mbele yangu, akaichana katikati, na akaanza kuufunga mkono wangu kifuani, taratibu, kama nilivyomsikia akieleza wanavyofundishwa kazini mtu akianguka kwenye shimo la lifti. Alikuwa analia bila sauti. Alikuwa upande wangu wa kulia.

"Pumua, Mama Kidoti. Geuza sikio. Pumua na mimi."

Hapo ndipo maumivu yalipofika, na nikapiga ukelele uliowatoa majirani wote nje.

*

Zahanati ya mtaani kwetu ina benchi moja ndefu na watu wote hukaa hapo, mgonjwa na aliyemfanya awe mgonjwa. Muuguzi alitutazama watatu: mimi na aproni yangu, kaka na jicho lililovimba kama embe bovu, Fundi na mdomo uliopasuka.

"Ajali ya gari?"

"Ya ndege," Shangazi alijibu kutoka mlangoni, amembeba Kidoti aliyesukwa nusu kichwa. "Haikuruka hata kidogo. Imeangukia buchani."

Walinipiga picha ya mfupa, wakanifunga plasta kutoka vidoleni mpaka juu ya kiwiko. Nilipobaki na Fundi nyuma ya pazia, nilimtazama. Alitaka kunishika mkono mzima. Niliuondoa.

"Ulimpiga kaka."

"Nilimpiga."

"Alikutibua makusudi. Alitaka nione."

Akalipokea hilo. "Basi umeona."

"Uliposhika kisu, ulitaka kufanya nini?"

Ningependa kuwaambia alinijibu jambo tamu. Mwanamume mwingine angesema, nilitaka kukufunga mkono, mpenzi. Fundi alitazama vidole vyake.

"Mwanzo sikutaka kamba," alisema. "Nisikudanganye. Nilipokuwa natembea kumfuata, sikuwa nafuata kamba. Ni alipoinua shingo… Sijui. Niliona aproni. Nikakumbuka mkono wako unataka kufungwa. Hivyo tu." Akafuta uso kwa bega. "Kama hutaki tena kwenda, sitakulaumu. Na mimi nimejiogopa."

Yule wa kwanza hakuwahi kujiogopa hata siku moja. Kila alipomaliza alikuwa na maelezo: chumvi, mlango, mtoto, maneno yangu. Miaka yote ile sikusikia mara moja "nilitaka kuumiza, na nimejiogopa." Nilikaa nalo neno hilo, na mkono ukinidunda ndani ya plasta, na polepole nikagundua kwamba siogopi. Nina uchungu, nina hasira, lakini siogopi. Najua kuogopa kulivyo. Kunakaa tumboni. Tumboni hapakuwa na kitu isipokuwa njaa.

"Nitakwenda," nilisema. "Subiri, usitabasamu. Tiketi ya kurudi, yangu na ya Kidoti, isiyo na tarehe, naishika mimi. Pasipoti zetu naziweka mimi, mahali nitakapopajua mimi. Na kabla hatujaondoka utanikutanisha kwa simu na mwanamke mmoja anayekaa jengo lako. Mmoja tu. Nijue mlango wa kugonga."

"Yupo mama mmoja ghorofa ya tatu. Ana ukali kama wa Shangazi."

"Mungu wangu. Basi huyo huyo."

"Na ukiona siku moja mkono wangu—"

"Siku hiyo hutaniona. Nitakuwa angani tayari."

Aliinamisha kichwa. "Sawa," alisema. Hakuongeza kitu, na nikampenda zaidi kwa kutoongeza. Ndipo nikampa ule mkono mzima.

Tulipotoka, kaka alikuwa bado kwenye benchi, peke yake kwenye ncha, bila aproni. Sijawahi kumwona bila aproni mchana. Alionekana mdogo. Kidoti alikuwa amekaa karibu naye akimuuliza maswali, "Mjomba, jicho lako limekwenda wapi?"

Nilikaa kando yake. Hakuthubutu kuitazama plasta.

"Siku ile nilichelewa kwa dakika sita," alisema. "Leo nilikuwa hapo hapo."

"Ulikuwa hapo hapo, kaka."

"Ni mimi."

"Ni wewe."

Sikumwambia haikuuma. Sikumwambia usijali. Ni kaka yangu, nampenda kuliko ninavyoweza kuandika, na alistahili kuambiwa ukweli. Alilia kama wanaume wasiojua kulia wanavyolia, kwa kukohoa. Shangazi alimpa kanga yake ajifute, akasema, "Na mimi nilikubali," akageukia ukutani.

Tulikaa hivyo, familia nzima kwenye benchi moja. Tarehe ya safari ilikuwa bado wiki tatu. Hakuna aliyesema kama arusi ipo au haipo, lakini muuguzi alipouliza nani anatia sahihi kama ndugu wa mgonjwa, kaka na Fundi waliinuka kwa pamoja, wakatazamana, na Fundi akakaa.

Kaka alitia sahihi. Akarudi. Safari hii hakukaa kwenye ncha. Alikaa kando ya Fundi, bega kwa bega, wote wawili wakitazama mbele kama abiria wasiojuana.

"Pasipoti," kaka alisema, akiuambia ukuta. "Mtu akiomba, inachukua siku ngapi?"

Fundi alimgeukia polepole. "Wiki mbili. Tatu."

"Watanipiga picha na jicho hili?"

"Hawatakubali, shemeji. Subiri lishuke."

Neno "shemeji" lilipita hewani na kaka hakulikataa. Alikunja vidole vyake vinene, akavikunjua, kimoja kimoja, kama anayeviandaa kwa kazi ngumu. Mtu huyu hajawahi kupanda ndege. Hajawahi kupita mji wa pili kutoka hapa. Ana hofu ya ngazi ya orofa ya kwanza.

"Haya," alisema. "Tuseme nimeshashuka kwenye ndege. Nimetoka nje ya kiwanja chenu, sijui mtu, sijui lugha, nimebeba begi langu. Nipeleke pole pole mpaka mlangoni kwa mdogo wangu. Napanda treni gani?"